Kitabu cha Wageni cha Mama

4 Machi

Mama shikamoo,

Habari za huko? Goti linaendeleaje? Sisi wazima, wajukuu wako na kelele zao hawajambo.

Mama, kampuni inayohifadhi tovuti yako inafunga mwezi ujao. Usijali, nimeshakufungulia ukurasa mpya kwenye mtandao wa kijamii, kule waliko watu wote siku hizi. Mweupe, msafi, unafunguka vizuri kwenye simu. Mitindo yako yote ya kufuma masweta nimeihamisha. Ile rangi ya zambarau na yale maandishi yanayokimbia nimeviacha, maana samahani, vilikuwa vinaumiza macho.

Kitabu cha wageni, pale wanaopita wanapokuachia ujumbe, nimekisafisha kule kule kwenye tovuti kabla ya kukihamisha. Kulikuwa na mwanamume anajiita Msumbufu, kila Jumapili anakuandikia upuuzi, mara anasifia vidole vyako, mara anauliza kama umeolewa. Ujumbe mia mbili na kumi na mbili! Nimefuta wote. Pole kwa kuvumilia peke yako.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, ila leo silo linaloniuma zaidi.

Huyo Msumbufu ni marehemu baba yako.

Alipokuwa akifanya kazi kiwanda cha saruji, mwendo wa siku mbili kutoka hapa, nyumbani hatukuwa na simu. Mimi nilikuwa mpiga chapa, na bosi aliniruhusu kutumia kompyuta ya ofisi kazi zikiisha. Nilijifunza kutengeneza tovuti kwa kitabu cha kuazima, wewe ukicheza chini ya meza. Baba yako kila Jumapili anaingia duka la intaneti la huko na kuanza vilevile: "Samahani mwenye nyumba, nimepotea njia. Hapa ni kwa nani?" Jumatatu namjibu kwamba hapa ni kwa mke wa mtu, akapige hodi kwingine. Tulicheka hivyo miaka minne, na ndoa ikasimama.

Ungeuliza tu, mwanangu.

Na huo ukurasa wako mweupe siutaki. Zambarau niliichagua mwenyewe. Nilihangaika wiki tatu nzima mpaka yale maandishi yakakimbia. Zamani kila mtu alikuwa na mlango wake, anaupaka rangi aitakayo. Leo mnatupanga kwenye vyumba vya namna moja, halafu mnatuambia tushukuru. Mimi sihami.

Kama umebadilisha neno la siri, nitumie, kisha kaa kando.

Mama yako

15 Machi

Mama shikamoo,

Sijui nianzie wapi. Nimewabembeleza watu wa kampuni siku tatu, wanasema kilichofutwa hakirudi. Nimefanya nini mimi? Neno la siri ni jina la baba, lilelile uliloweka. Nisamehe.

Mwanao

6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Simu hupokei, barua hujibu. Jirani anasema u mzima, ila hutoki ndani na anasikia kibodi kutwa. Hata kama umekasirika, niambie tu kwamba umekasirika.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba zote ninazodaiwa. Nilikasirika, tena sana. Halafu nikawa na kazi.

Wewe umesahau mama yako alikuwa nani. Mpiga chapa haachi karatasi itoke bila kubaki na nakala. Kila Jumatatu, kabla sijamjibu baba yako, nilichapisha maneno yake na kuyatia kwenye faili. Mafaili manne yalikuwa juu ya kabati, chini ya blanketi. Nimeyapiga upya yote, vidole kumi, bila kutazama kibodi.

Nimepata kampuni nyingine ndogo ya kuihifadhi tovuti. Fundi wao akanieleza kwa upole kwamba muundo huu umepitwa na wakati. Nikamwambia hata mimi nimepitwa, na bado nipo.

Anwani ni ileile. Usinipigie simu kuomba radhi. Kitabu cha wageni kiko wazi.

Mama yako

Kitabu cha wageni

Jumapili, 8 Juni
Samahani mwenye nyumba, nimepotea njia. Hapa ni kwa nani?
Msumbufu Mdogo

Jumatatu, 9 Juni
Hapa ni kwa mama yako. Ingia, ila usiguse rangi.
Mwenye nyumba