Kigoda Kilichoandikwa "Zawadi"

Kamwene mchumba wangu Tuli,

Hapa Ilomba tu wazima. Bibi yako anavuna viazi na kunisema, kama kawaida yake.

Umeuliza nani alitoa kigoda cha ukoo wetu ulichokikuta makumbusho huko Ulaya, kimeandikwa "zawadi". Ni mimi.

Nilikuwa nimefika darasa la nne, na kule kijijini kwetu Iringa nikijitapa kwamba Kiingereza nimekimaliza. Mzungu alipokuja akakitaka kigoda cha tambiko, nikajifanya mkalimani. Mama akaniambia kwa Kihehe, "Mwambie akishike tu, asikikalie." Neno la kushika sikulijua. Nikamwambia, "Teki," yaani chukua.

Akakipakia garini. Mama akakimbilia dirishani analia, "Mwambie akirudishe, we msomi!" Kiingereza chote kikaniishia. Yule mzungu akamtazama mama, akapandisha kioo.

Leo ndipo hao wa makumbusho wanajadiliana kama kirudi? Wewe uliyesoma kweli, kawaambie kwanza wafute hiyo "zawadi". Neno nililikosea mimi, sikatai. Lakini mama alilia mbele yake, na kilio hakihitaji kutafsiriwa.

Babu yako