Dawa ya Sukari kwa Asiye na Sukari

3 Machi

Mwanangu kitinda mimba,

Hujambo huko? Na kazi ya kufua mashuka ya hoteli inakwendaje? Mimi nipo, ila utumbo huu haunipi nafasi. Daktari anasema saratani imezizoea dripu, haishtuki tena. Sasa kaniongezea vidonge. Nikavitambua papo hapo: ndivyo anavyomeza shangazi yako mwenye kisukari! Mimi sukari sina. Nasikia wewe na huyo daktari mliongea kwa simu. Mnanificha nini?

Baba yako

11 Machi

Shikamoo baba,

Mimi mzima, mikono tu imechubuka kwa sabuni. Hakuna siri. Vidonge hivyo vinaweza kuudhoofisha uvimbe, dripu zipate pa kuingilia. Meza tu, baba. Utapona kabisa, nakuahidi. Kabla mwaka huu haujaisha utakuwa unakimbia.

Binti yako

20 Machi

Marahaba mwanangu,

Pole na mikono, paka mafuta. Barua yako nimeirudia tena na tena, kisha vidonge nikavifungia kwenye droo ya cherehani. Unaniahidi? Mimi ni fundi nguo, mama. Nani anazijua ahadi kunizidi? Mteja nikimwambia "njoo Ijumaa, ondoa wasiwasi", ujue kitambaa hata sijakikata. Nguo ikiwa tayari siahidi, namwambia avae tuone. Shangazi yako ananigombeza kila asubuhi: "Mimi navimeza miaka yote hii, nimekufa?" Hajafa, lakini yeye ana sukari! Kuna jambo hapa, na wewe unalijua.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo baba,

Samahani kwa kuchelewa. Umenikamata. Daktari hakuahidi chochote. Alisema kuchanganya dawa hizo bado kunajaribiwa, wengine kumewasaidia, wengine hapana, na una haki ya kukataa. Ahadi niliiongeza mwenyewe. Sijui kama utapona, baba. Naogopa nitarudi nikute wewe hupo. Hilo ndilo nililokuficha.

Binti yako

9 Aprili

Marahaba mwanangu,

Hapo sasa tunaelewana. Jana nilimwendea daktari, nikamuuliza mbele ya muuguzi, "Nitapona?" Akanitazama usoni. "Sijui, mzee. Tujaribu." Basi leo nimeanza kumeza. Shangazi yako kanikagua mpaka chini ya ulimi, haniamini hata kidogo. Na mimi naogopa, mama. Usiniandikie tena kwamba nitapona. Niandikie tu.

Baba yako