Mguu Uliocheza Isukuti

Nekesa mjukuu wangu,

Hapa Mayoni hatujambo, na ng'ombe amezaa. Juzi kwenye harusi ya shangazi yako, babu yako alicheza ngoma ya isukuti mpaka vijana wakampisha uwanjani.

Unaniuliza kuna haja gani ya kukariri ateri na vena kwenye masomo yako ya uuguzi, ati mishipa ni mishipa tu. Nani alikudanganya?

Nikiwa msichana, panga lilimkata kijana mmoja mguuni tukivuna miwa. Damu iliruka, ikatulia, ikaruka tena, nyekundu kabisa. Wakataji wakakimbilia majivu ya miwa iliyochomwa, dawa yetu ya kila kidonda.

"Acheni! Hiyo ni ateri!" nikapiga kelele. Tulikuwa tumesoma shuleni kwamba vena ina kuta nyembamba na hurudisha damu polepole, lakini ateri ina kuta nene kwa sababu moyo unaisukuma damu humo kwa nguvu. Majivu yangeweza nini mbele ya moyo? Nikakunja leso yangu, nikakandamiza kidonda kwa uzito wangu wote, wala sikuachilia mpaka trekta ilipotufikisha hospitali.

Walipomaliza kumshona, daktari aligusa mguu ule chini ya kidonda, akacheka. "Njoo uguse."

Mapigo yalikuwa yakidunda chini ya kidole changu kama ngoma! Damu ilikuwa imepita.

Soma ateri zako, mama. Mguu huo ndio uliowashinda vijana juzi.

Kukhu wako