Pale Pangu pa Uyoga

Fernand, nikikaa siwezi, nikisimama siwezi!

Yule Signe, mwanafunzi wa kutoka Denmaki tuliyempa chumba ajifunze Kifaransa, leo Jumamosi nimemtembeza msituni. Nikamwonyesha pale pangu pa uyoga. PALE PANGU! Hata mke wangu hapajui. Na mwaka huu umeota mkubwa, kondoo anajikinga mvua chini yake, naapa.

Akapiga picha, akaituma kwenye kundi la darasa lao. Na lokesheni juu!

"Binti, umefanya nini?"

"Babu, wamefurahi! Kesho wanakuja wote na ndoo!"

Na ndoo, Fernand! NA NDOO!

Nikarudi mbio nyumbani kumshtakia mke wangu Solange. Akaitazama picha, akacheka mpaka akashika meza.

"Hapo? Mzee wangu, hapo nachuma mimi kila mwaka. Wewe huwa nakuachia ule wenye funza."