Asiyeguswa na Maumivu

Aleksandria, tarehe sita, mwezi wa Tybi

Mama yangu Tapsais,

Shikamoo. Kabla ya lolote naomba barua hii ikukute na afya, na lile goti liwe limepoa. Mimi mwili wangu mzima.

Kuna sauti moja hainitoki. Siku ile uliyotia magombo ya Baba ya falsafa kwenye tanuri la mkate, mafunjo yenyewe yaliungua kimya. Lakini kila gombo lilikuwa na kijiti chake katikati, na vijiti vile vikapasuka kimoja baada ya kingine, kama mtu anayevunjwa vidole. Nilikuwa nyuma yako, unga mikononi. Ukageuka ukasema, "Unalia nini? Baba yako yuko kwa Bwana. Haya ni ya mashetani." Siku hiyo sikula mkate. Sauti ile naisikia hadi leo, hata katikati ya sala.

Nakuandikia kwa sababu nimeandikishwa kwa ubatizo wa Pasaka. Mzee Ammonas wa kanisa la hapa anataka kila mmoja wetu awe na mtu anayemfahamu, asimame mbele ya watu na kuushuhudia mwenendo wake. Asiye na shahidi haingii majini. Nakuomba uwe wewe.

Na hili ulisikie kwangu, si kwa wengine. Nasoma na kukaa kwa Mwalimu Philammon, Mkristo mwenzetu, anayefundisha manabii pamoja na hoja za wanafalsafa wa Kigiriki. Juzi mwanafalsafa mmoja alitukuta sokoni tukinunua dengu. Akapaza sauti, "Enyi watu wa msulubiwa! Mungu wenu alipotembea bustanini jioni, alivaa makubazi au alikuwa pekupeku?" Watu wakacheka. Wenzangu wakainamisha vichwa.

Nikamwambia, "Nyinyi nanyi mnasema jua ni jicho la mbingu. Kope zake umeziona?" Kisha nikamweleza, kwa hoja za walimu wake mwenyewe, kwamba aliyeumba miguu hahitaji miguu. Akaondoka bila kuaga. Sikuona haya, Mama. Hata sasa sioni.

Binti yako,
Didyme


Arsinoe, tarehe ishirini na mbili, Tybi

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijapoa, na barua yako imeliongezea.

Umemnyamazisha mtu sokoni. Hongera. Amebatizwa? Au amekwenda kwake na hasira, na wewe ukarudi na dengu?

Baba yako alizijua hoja hizo kuliko huyo Philammon wako. Ndizo alizowafundisha watoto wa wakubwa wa mji huu, mpaka alipobatizwa akaiacha shule. Siku aliyosimamishwa mbele ya liwali alisema tu, "Mimi ni Mkristo." Liwali akamchokoza: "Ongea basi, mwalimu! Wewe si msomi?" Horion wangu akanyamaza. Nilikuwa karibu, nilikiona kidevu chake. Hakikutikisika. Ndiyo maana niliyachoma magombo yake. Sikutaka mtu aje kusema kwamba aliyekufa pale ni mwanafalsafa.

Usidhani sikukuona ulipochomoa gombo moja ukalificha chini ya kinu. Ulikuwa mtoto, umefiwa, nikakuachia. Sasa si mtoto. Lichome, nami nitapanda mashua nije kusimama shahidi wako. Hutaki? Tafuta mama mwingine. Nasikia huko kwenu kila kitu kinauzwa.

Nimekutumia tende na samaki wa chumvi. Kula. Hata mwandiko wako umekonda.

Mamako


Aleksandria, tarehe kumi, mwezi wa Mecheir

Mama,

Shikamoo. Tende zimefika. Samaki nao wamefika, ila harufu yao ilitangulia. Nashukuru. Nasikia baridi ya huko mwaka huu ni kali. Jifunge goti kwa sufu.

Gombo sitalichoma.

Kila asubuhi, kabla hujawasha moto, unaelekea mashariki, unainua mikono na kusema: "Ewe usiye na mwisho, unayevishika vyote wala hushikwi, usiyeguswa na hasira wala maumivu." Sala hiyo niliijua kabla sijajua kutembea. Basi nimewasoma manabii wote kuitafuta. Kwao Mungu anakasirika mpaka dunia inatetemeka. Anajuta. Anawalilia watu wake kama mume aliyekimbiwa na mkewe. Hakuna nabii hata mmoja aliyesema Mungu haguswi na maumivu.

Najua lilikotoka neno hilo kwa sababu limo kwenye gombo hili, kwa mwandiko wa Baba, pembeni mwa mistari. Walilisema Wagiriki. Baba akalichukua, akalitia kwenye sala, akakufundisha wewe. Umeyachoma magombo yake, na kila asubuhi unamwomba Mungu kwa maneno yaliyokuwa ndani yake.

Aliiacha shule, sikatai. Lakini alichojifunza hakukiacha mlangoni, na wala wewe hukukiacha. Sasa niambie, kwa nini mimi peke yangu ndiye niwe mchafu?

Didyme, binti wa Horion na wako


Arsinoe, tarehe ishirini na tano, mwezi wa Phamenoth

Didyme,

Marahaba. Nimekawia kujibu. Si ugonjwa. Nilikuwa nimekasirika, halafu hasira ikaisha, kikabaki kitu kibaya zaidi.

Siku barua yako ilipofika nilisema hadharani, mbele ya wajane wenzangu, "Huyu mtoto ana kiburi cha baba yake." Kesho yake nikasimama kuomba. Nikafika kwenye lile neno, nikakwama. Keshokutwa yake hivyo hivyo. Mwanangu, niliusafisha mwili wa mume wangu kwa mikono hii. Bwana mwenyewe alitundikwa akapiga kelele. Huyo asiyeguswa na maumivu ananijuaje mimi?

Basi nimelitoa. Sasa nasali bila neno hilo. Lile la kuvishika vyote bila kushikwa nimelibakiza, nalipenda, awe alilisema nani.

Usishangilie. Sikusema umeshinda. Ila umenionyesha kilichomo kinywani mwangu, na aliyenifunga macho miaka yote hii ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo nitakuja. Mwenye mashua ya nafaka amekubali kunipakia katikati ya mwezi ujao. Nitasimama mbele ya huyo Ammonas na kusema: nimemzaa, ni mbishi, hasemi uongo. Gombo lako baki nalo.

Mamako


Aleksandria, tarehe tatu, mwezi wa Pharmouthi

Mama yangu,

Shikamoo, na Mungu akulinde na upepo wa mtoni. Naandika mbiombio ili barua hii ikuwahi kabla hujapanda mashua. Yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa chini, nikaisoma tena.

Imenikuta nimeshatenda.

Majuzi Mzee Ammonas alitukusanya sisi tunaojiandaa, kila mtu alete vitu vya miungu vilivyomo nyumbani kwake vivunjwe. Berous, rafiki yangu mtia rangi vitambaa, alivua hirizi ya Isisi shingoni, akasema, "Mzee, usiivunje kwa nguvu, imenizalishia watoto wanne." Tukacheka wote, hata mzee. Kisha akaninyooshea mkono. "Na wewe, binti wa Horion. Lile gombo unalolibeba kila siku."

Nikasema, "Hili si la mungu yeyote. Ni la watu waliokuwa wakimtafuta."

Mwalimu Philammon akaninong'oneza, "Mpe tu. Yaliyomo tunayo kichwani."

"Kama ni uchafu, mwalimu, mbona kichwa chako hakitiwi motoni?"

Wanawake wakaziba midomo kwa shela. Mwalimu akatazama chini. Hakunitetea, yeye aliyenifundisha kulisoma. Mzee Ammonas akasema, "Chagua. Maji, au hilo."

Mama, maji nayataka. Usiku na mchana nayataka, kuliko chochote duniani. Lakini wewe umelitoa neno kwenye sala yako baada ya kulipima kwa maisha yako, na jingine ukalipima ukalibakiza. Hicho tu ndicho ninachokiomba kwa watu hawa. Tanuri halipimi kitu. Nikikubali kwamba Bwana anaogopa kurasa za mafunjo, atakayebatizwa ni mtu mwingine, si mimi.

Kwa hiyo njoo, ila si kunishuhudia. Njoo unione. Nimeondoka nyumbani kwa Mwalimu Philammon. Nakaa na Berous, chumba cha juu, kila kitu kinanuka rangi ya bluu. Kila alasiri wanawake saba wanakuja, tunasoma manabii na tunasoma gombo, na wao ndio wanaobishana, mimi nasikiliza. Alfajiri ya Pasaka wenzangu watakapoingia majini nitawashikia nguo zao kavu. Mwaka ujao nitaomba tena, na gombo mkononi, na mwaka utakaofuata.

Leo asubuhi nilimwendea Mzee Ammonas nikamwambia anifute kwenye orodha ya waliojiandikisha. Akasema nifikiri hadi kesho. Nikaichukua kalamu mkononi mwake, nikalifuta jina langu mwenyewe.

Binti yako,
Didyme