Mwisho Uliouandika Katika Daftari Letu

Kijiji cha Ntobeye,
Ngara.
9 Novemba 2024

Mpendwa binamu Audax,

Natumaini barua hii itakukuta Morogoro ukiwa mzima, na kwamba ile homa uliyoilalamikia imekwisha. Mimi sijambo, ila mgongo unanisumbua baada ya kupalilia maharage. Baada ya salamu hizo, ambazo adabu inanidai, naomba unistahimilie, kwa kuwa nakuandikia nikiwa na hasira wala sikusudii kuificha.

Daftari letu la hadithi fupi lilinifikia salama kwa mkono wa dereva aliyeliacha kituoni Lusahunga, nikalifuata huko. Utaratibu tuliuweka pamoja: asomaye huandika jina la hadithi, yaliyotokea, jinsi ilivyoisha na maoni yake, kisha humpelekea mwenzake daftari pamoja na kitabu. Safari hii ulileta daftari bila kitabu. Sikushuku lolote.

Unafahamu kwamba mama yako, shangazi Domisiana, hulisubiri daftari hilo kuliko mimi. Kwa kuwa hajui kusoma, mimi humsimulia kwa Kihangaza chetu yale uliyoyaandika. Safari hii ilikuwa hadithi ya mama aliyemngoja mwanawe aliyekwenda mbali. Uliandika kwa mkono wako: "Mwana alirudi, akamkuta mama yake mlangoni." Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Baadaye nilikipata kitabu chenyewe kwa katekista Bukuru. Mwana harudi, Audax! Mama anazikwa na majirani. Ama hukuisoma hadithi mpaka mwisho, ama uliisoma ukaona haya. Ni lipi?

Nilikwenda kumweleza shangazi ukweli kwa upole. Hakunipa nafasi.

"Nyamaza, Juvenali! Huyo mwenye kitabu anamjua mwanangu? Audax kaandika anarudi."

"Hiyo ni hadithi tu, shangazi."

"Hadithi ni zako wewe na miwani yako. Mimi hii ni barua yangu."

Sasa tazama madhara yake. Paa la nyumba yake linavuja upande wa kitanda, na kifua chake hakipoi. Dada yako Priscila alikuja kutoka Bisibo na pikipiki ya kukodi ili amchukue akamtunze kwake. Shangazi amekataa katakata, eti ukija utakuta mlango umefungwa. Priscila aliondoka peke yake, akilia.

Nakulaumu bila kupunguza neno. Ikiwa ulikuwa na nia ya kurudi, ungemwandikia hivyo waziwazi. Ikiwa hukuwa nayo, ulipata wapi ujasiri wa kumsimamisha mama yako mlangoni?

Kwa utaratibu wetu nilipaswa kuukata mwisho huo kwa kalamu nyekundu na kuandika ule wa kweli. Sijaukata. Nakuachia wewe: ama uje uukate mbele ya mama yako, ukimtazama usoni, ama uje uutimize. Kwa vyovyote vile, uje.

Priscila na katekista Bukuru wanakusalimu. Shangazi naye anakusalimu, na ameniagiza nikuarifu kwamba mlango wake siku hizi hausukumwi. Unainuliwa kidogo kwanza, kwa sababu bawaba imelegea.

Mungu akutangulie barabarani.

Wako akupendaye hata katika hasira hii,
Juvenali