Mbio Zangu Ulizosema ni Zako

Kwako yaya, kaka yangu uliyenitangulia kuzaliwa,

Unakumbuka toleo la kwanza la mchezo wetu wa video wa mbio za barabarani? Magari yalifanana na maboksi ya sabuni, na mji mzima ulikuwa barabara moja ya giza. Tulikaa sakafuni kwa baba, pale Katuba, tukishika manette moja ya kuchezea watu wawili: kidole chako kilipiga kona, changu kilifunga breki. Tukigonga ukuta, kosa langu.

Likaja toleo la kupaka magari rangi, nikalipaka letu jekundu kama udongo wa kwetu. Likaja la polisi wanaokimbiza, na hapo nikakupita. Ulijua. Ukaanza kusema, "Mudogo, cheza we. Mi nitaangalia."

Kumbe ulikuwa unanirekodi. Timu ya mchezo huo ya Afrika Kusini ilipotafuta wachezaji, uliwatumia mbio zangu, ukasema ni zako. Wakakuita. Siku ya safari nililia mbele ya baba. Akanijibu, "Acha yaya yako aende. Weye utaolewa tu." Ulikuwa umesimama mlangoni na valizi yako ya nguo. Ukaiinua, ukatoka.

Sikuolewa haraka hivyo. Nilishona nguo za watu, nikanunua toleo hili jipya, lile linalounganisha wachezaji wa dunia nzima. Nikajifunza mji wake kona kwa kona, huku nikikutazama mtandaoni ukijisifu kwa mashabiki wako.

Jumapili ulipowaalika wote wajaribu kukushinda, niliingia. Nilikupita darajani. Karibu na mstari wa mwisho nilisimama, nikageuza gari likutazame, kisha nikavuka kinyumenyume. Mashabiki wako walicheka mpaka ukafoka, "Ni nani huyu?"

Nikawasha kipaza sauti. "Ni miye, mudogo yako. Zile mbio ulizotuma zilikuwa zangu."

Ulizima kila kitu. Nilibaki peke yangu katika mji ule, nikiendesha polepole, nikiimba.

Jana ulinipigia ukilalamika kwamba timu inakuuliza maswali, na kwamba nimekuharibia maisha. Mama naye anataka nikuombe radhi, maana tumetoka tumbo moja. Nimemwambia nitakuandikia. Basi nimeandika: siombi. Labda siku moja moyo wangu utapoa, lakini leo umejaa raha, na raha hii nimeingoja sana.

Kaa salama huko. Wanasema toleo lijalo litakuwa na barabara ndefu zaidi. Nitakungoja humo pia.

Mdogo wako wa kike